Kuvuka South Georgia kwa njia ya Shackleton: mwongozo kamili wa safari ya barafuto

South Georgia ni kisiwa chembamba cha milima na barafu kusini mwa Bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilomita 1,400 kutoka visiwa vya Falkland. Urefu wake unakaribia kilomita 170, kilele chake kirefu kuliko vyote, Mount Paget, kinapita meta 2,900, na zaidi ya nusu ya ardhi yake iko chini ya barafu mwaka mzima. Kiwanja cha ndege hakipo. Wakazi wa kudumu hawapo, ila maofisa na watafiti wachache wa kituo cha King Edward Point. Kikosi cha uokoaji cha milimani nacho hakipo.

Huko ndiko wapanda milima wanakokwenda kufuata nyayo za Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara wa Antaktika, na wenzake Frank Worsley na Tom Crean, watu watatu waliovuka milima hiyo Mei 1916 bila ramani ya sehemu za ndani ya kisiwa. Ramani za wakati huo zilionyesha pwani tu, na katikati palikuwa peupe.

Msimamo wangu nauweka mapema, maana mwongozo wote huu umejengwa juu yake: njia ya Shackleton inafaa kufuatwa, lakini mwendo wake haufai kuigwa. Yeye alivuka kwa saa 36 bila hema wala mfuko wa kulalia kwa sababu watu 22 wa meli yake iliyozama walikuwa wakimsubiri kwenye kisiwa cha Elephant Island, na watatu wengine pwani aliyotoka. Kila saa aliyosita ilikuwa saa yao. Wewe una hema, una chakula cha siku za ziada, na hakuna anayekufa ukichelewa. Mtu anayesafiri umbali wote huo kisha akakataa kukaa hemani siku mbili kungoja upepo upoe, hajajiandaa kwa kisiwa hiki.

Kabla ya yote, ijue safari yenyewe

Usiende huko ukiwa na hadithi nusunusu. Kila mteremko utakaoushuka una tukio lake, na ukilijua utaelewa kwa nini mwongozaji wako anasimama hapo na kutazama muda mrefu.

Meli ya Endurance iliondoka South Georgia tarehe 5 Desemba 1914 ikielekea Antaktika. Ikanaswa na barafu ya Bahari ya Weddell, ikapondwa, na tarehe 21 Novemba 1915 ikazama. Mabaki yake yaligunduliwa Machi 2022 yakiwa kwenye kina cha meta 3,008. Mabaharia wote 28 waliishi juu ya barafu iliyoelea kwa miezi kadhaa, kisha wakafika Elephant Island kwa mashua tatu mnamo Aprili 1916. Tarehe 24 Aprili, Shackleton na wenzake watano wakaingia baharini kwa mashua iliyoitwa James Caird, na baada ya safari ya takriban kilomita 1,300 wakatua King Haakon Bay tarehe 10 Mei.

Tatizo ni kwamba walitua upande usio na watu. Vituo vya kuvulia nyangumi vilikuwa ng'ambo, pwani ya kaskazini-mashariki, na mashua haikuweza tena kuhimili bahari. Fundi seremala Harry McNish, pamoja na John Vincent na Timothy McCarthy, walibaki kambini. Watatu walioondoka usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 19 Mei walichukua chakula cha siku tatu, jiko dogo, kamba ya meta 15 hivi na tezo la seremala. Chini ya buti zao McNish aliwapigilia skrubu alizozing'oa kwenye mashua ili wasiteleze. Walikuwa na mbalamwezi, na hewa ilitulia kwa njia isiyo ya kawaida kisiwani hapo. Ukiyatoa hayo mawili, sidhani kama wangefika.

Hatua ya 1: Amua unavuka kisiwa chote au kipande cha mwisho

Safari kamili, kutoka King Haakon Bay hadi Stromness, kituo cha zamani cha nyangumi, ni kama kilomita 50 za barafuto (mito ya barafu inayosogea polepole), mabonde ya theluji na matuta ya miamba. Kundi linaloongozwa vizuri hutumia siku tatu hadi nne za mwendo, na hubeba chakula cha siku sita au zaidi kwa ajili ya hali mbaya ya hewa.

Safari fupi ni kipande cha mwisho tu, kutoka Fortuna Bay hadi Stromness. Ni kilomita sita hivi, unapanda pito (njia ya juu kati ya milima) lenye urefu wa meta 300 kutoka usawa wa bahari, na saa tatu hadi nne zinatosha. Hakuna barafuto ya kuvuka hapo. Meli nyingi za watalii hupeleka abiria wao kwenye kipande hiki ikiwa hewa inaruhusu.

Sioni aibu yoyote katika kuchagua safari fupi. Kama hujawahi kutembea umefungwa kamba juu ya barafuto, anza na hiyo, kisha jifunze kwenye milima yenye vyumba vya kupumzikia na helikopta za uokoaji, na urudi South Georgia ukiwa tayari. Kisiwa hiki ni mahali pa kutumia ujuzi uliokwisha kuupata. Kuanza kujifunzia hapa ni kuwahatarisha wenzako wote walio kwenye kamba yako.

Hatua ya 2: Tafuta mwongozaji na chombo kwa pamoja

Hapa chombo ni sehemu ya usalama wa mlimani. Meli au mashua ya matanga inayokushusha King Haakon Bay lazima izunguke kisiwa ikakusubiri upande wa pili, na iwe inafikika kwa simu ya setilaiti au redio muda wote ukiwa juu. Ukiumia, msaada wako ni wenzako, mwongozaji wako na chombo hicho, kwa mpangilio huo. Kwa hiyo usikubali mpango ambao chombo kitakuwa na ratiba nyingine ya kushughulikia wewe ukiwa juu ya barafu.

Mashua ya matanga kutoka Stanley, mji mkuu wa Falkland, huchukua siku nne hadi tano au zaidi katika bahari iliyochafuka. Meli kubwa huenda haraka zaidi na hutikisika kidogo, lakini huwa na ratiba ngumu na abiria wengine wa kuwajali. Mimi ningechagua chombo kidogo chenye nahodha anayeijua pwani hiyo, hata kama kichefuchefu kitanichosha, kwa sababu chombo kidogo kinaweza kusubiri.

Kuhusu mwongozaji, tafuta mwenye cheti cha IFMGA, shirikisho la kimataifa la vyama vya waongoza milima lililoanzishwa mwaka 1965. Cheti hicho kinakuhakikishia kwamba amepimwa katika miamba, barafu na skii. Bado muulize maswali haya, na usikilize anavyojibu zaidi ya anachojibu: Amewahi kuvuka kisiwa hiki mwenyewe? Ni lini mara ya mwisho aligeuza kundi, na kwa nini? Kila mwongozaji ana wateja wangapi? Akiumia yeye, nani anachukua uongozi? Siku ngapi za kusubiri zimo ndani ya bei? Mwongozaji mzuri atakueleza kwa urahisi kuhusu safari alizozikatisha. Anayekuhakikishia kwamba mtafika, mwache.

Gharama hutajwa kwa pauni za Uingereza au dola, na ni kubwa. Omba hesabu iliyochambuliwa: chombo, mwongozaji, ada za kibali, bima, na siku za akiba. Mkataba usiotaja siku za akiba unamsukuma mwongozaji aondoke kambini siku ambayo hakupaswa kuondoka.

Hatua ya 3: Kibali

South Georgia ni eneo la Uingereza lililo ng'ambo ya bahari, na serikali yake ina ofisi Stanley. Kila mgeni huhitaji kibali cha kutua, na kundi linalotaka kuingia ndani ya kisiwa na kulala kwenye barafu huhitaji idhini ya pekee ya msafara. Maombi hutumwa miezi mingi kabla. Serikali itataka kuona mpango wa njia, uzoefu wa viongozi, mpango wa kujiokoa, hali ya kiafya ya washiriki na bima. Kwa kawaida anayeandaa safari ndiye anayejaza makaratasi hayo, ila wewe ndiye utakayetoa historia yako ya kukwea. Andika ukweli. Mtu akiongeza vilele ambavyo hakufika, mwongozaji atapanga kamba kwa kutegemea uwezo ambao haupo.

Bima isome neno kwa neno. Ziko zinazofidia uokoaji kwa helikopta pekee, na huko helikopta hakuna. Unataka bima inayolipa gharama ya meli kugeuza njia na kukupeleka hospitali ya Stanley.

Hatua ya 4: Safisha kila kitu

Hatua hii wengi huipuuza, na ndiyo inayonigusa kuliko zote.

Panya waliletwa na meli za wawindaji wa sili na nyangumi, wakala mayai na makinda ya ndege kwa zaidi ya karne moja. Shirika la South Georgia Heritage Trust liliwaangamiza kwa awamu kati ya mwaka 2011 na 2015 kwa kumwaga sumu kutoka kwenye helikopta, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kwamba hakina panya tena. Leo ndege mdogo wa kisiwa hicho, pipiti wa South Georgia, ambaye hapatikani kwingine duniani, anaimba mahali ambapo alikuwa ametoweka. Mbegu moja ya nyasi kwenye soksi yako, au panya mmoja ndani ya sanduku la chakula, inatosha kuanza kuharibu kazi hiyo.

Basi fanya hivi nyumbani kabla hujafunga mizigo. Geuza kila mfuko nje. Pitisha kifyonza vumbi kwenye mishono ya begi. Chukua kibano na uchokoe mbegu zilizonasa kwenye vifungo vya kunata vya koti na suruali, maana hapo ndipo zinapojificha zaidi. Sugua nyayo za buti kwa brashi na maji ya moto mpaka zing'ae. Hema ulilolitumia kwingine lioshe lote, pamoja na vigingi. Melini utarudia tena mbele ya macho ya msimamizi, na huko Grytviken, kituo cha zamani cha nyangumi kisiwani, maofisa wa serikali watakukagua kabla hujatua.

Tangu homa kali ya mafua ya ndege ilipofika kisiwani mwaka 2023, baadhi ya fukwe zimekuwa zikifungwa na kufunguliwa kulingana na hali. Kubali mabadiliko hayo bila ubishi. Usikae chini wala kuweka begi ardhini karibu na wanyama, na buti zako zioshwe kwa dawa kila unapotoka na kurudi chomboni.

Hatua ya 5: Chagua majira

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuvuka. Theluji ya majira ya baridi bado imeziba nyufa za barafuto, madaraja ya theluji yanayozifunika yana unene, na mchana ni mrefu. Kuanzia Januari joto limeshakula madaraja hayo, nyufa zimefunuka, na fukwe zimejaa sili wa manyoya wanaolinda maeneo yao kwa meno. Kwa safari fupi ya Fortuna Bay, hata Februari inafaa.

Hewa ya kisiwa hiki hudanganya watu waliozoea baridi kavu ya milima ya bara. Kiko nyuzi 54 kusini, kimezungukwa na bahari, na joto hucheza karibu na sifuri. Theluji hugeuka mvua, mvua hugeuka theluji, yote ndani ya saa moja, na upepo huporomoka kutoka milimani ghafla kwa nguvu ya kuangusha mtu. Baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri ukiwa mkavu inavumilika. Baridi ya sifuri ukiwa umelowa inaua. Karibu kila uamuzi wa mavazi na kambi utakaousoma hapa chini unatokana na jambo hilo.

Hatua ya 6: Andaa mwili na mikono

Anza miezi sita kabla. Mazoezi yanayolingana zaidi na safari ni kutembea saa sita hadi nane mlimani ukiwa na begi la kilo 18, siku mbili mfululizo, na kuvuta gurudumu la gari kwa kamba iliyofungwa kiunoni ili uzoee uzito wa sleji, chombo cha kuburutia mizigo juu ya theluji. Mbio zinasaidia mapafu, lakini haziandai nyonga wala mabega.

Kama kundi linatumia skii, uweze kushuka theluji mbaya, ya gamba au yenye maji, ukiwa na mzigo mgongoni na umefungwa kamba na wenzako. Huo ni ujuzi tofauti kabisa na kuteleza kwenye miteremko iliyolainishwa. Usipoumudu, omba kundi linalotumia viatu vipana vya theluji. Utakwenda polepole lakini hutamwangusha mtu.

Mikono nayo ifundishwe. Fundo la nane, fundo la prusik (kitanzi kinachobana kamba kikibeba uzito), kufunga na kufungua karabina (pete ya chuma yenye mlango), kuvaa kramponi (meno ya chuma ya chini ya buti): yote uyafanye ukiwa umevaa glavu nene na macho yamefumbwa. Jifunze kujizuia kwa shoka la barafu unapoteleza chali, kichwa kikiwa chini, kwa sababu watu hawachagui namna ya kuanguka.

Hatua ya 7: Vifaa

Mwandaaji atakupa orodha yake, na uifuate. Ninaongeza yale ninayoyaona yana uzito.

Pamba usiilete kabisa. Ngozini vaa sufu laini, juu yake nguo ya kuhifadhi joto isiyo ya manyoya ya bata, kwa kuwa manyoya yakilowa hayana kazi, na juu ya yote koti na suruali za kuzuia mvua ambazo umezijaribu kwenye mvua ya kweli. Glavu jozi tatu, na jozi moja ikae siku zote kwenye mfuko usiopitisha maji. Mfuko wa kulalia wa nyuzi za kutengenezwa una uzito zaidi, lakini huku ndio ninaoupendelea.

Miwani ya jua ya giza nzito yenye kuziba pembeni ni lazima, pamoja na ya akiba. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya mionzi ya jua, na macho huungua hata siku ya mawingu. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, na mtu asiyeona hawezi kutembea kwenye kamba.

Hema liwe la muundo wa kuhimili dhoruba, lenye sketi ya kufukiwa theluji, na kila kundi liwe na majembe mawili ya chuma. Moja likivunjika dhorubani, la pili ndilo litakalowaweka hai. Majiko pia yawe mawili, na mafuta kiasi cha mililita 200 kwa kila mtu kwa siku, kwani kila tone la maji utakalokunywa linatokana na theluji iliyoyeyushwa. Chakula kipangiwe kilokalori 4,000 hadi 5,000 kwa siku.

Shoka la barafu, kramponi zinazokaa sawasawa kwenye buti zako, mshipi wa kukwea, skrubu ya barafu, kamba fupi mbili za prusik, kapi na karabina za kufunga: hivi ni vya kila mtu, na vikae mshipini. Kifaa cha kujiokoa kilicho ndani ya begi hakikufai ukiwa unaning'inia.

Hatua ya 8: Njia yenyewe

Kutua King Haakon Bay huchukua subira. Ghuba inatazama upande wa mawimbi, na boti za mpira zinaweza kushindwa kufika ufukweni kwa siku nzima. Mkishatua karibu na Peggotty Bluff, mahali watatu walipowaacha wenzao chini ya mashua iliyopinduliwa, pitieni mbali na sili na ndege, angalau meta tano, kisha mwanze kupanda barafu kuelekea Shackleton Gap.

Mpando ni wa taratibu na unaweza kukudanganya ukadhani safari nzima iko hivyo. Hapo kisiwa ni chembamba sana. Shackleton na wenzake, wakiwa ndani ya ukungu, waliona chini yao kitu kama ziwa lililoganda, wakateremka kulifuata, na mapambazuko yakawaonyesha kwamba ni Possession Bay, bahari ya upande wa pili ambako hakuna njia ya kwenda Stromness. Wakapanda tena. Ninyi mtageuka mashariki kuingia uwanda wa Murray Snowfield, na ndipo kamba inapofungwa, kama haijafungwa tayari.

Watu wanne kwenye kamba moja hutengana meta kumi hivi. Kamba iguse theluji kidogo katikati, isiburute wala isikazwe. Ikilegea sana, atakayetumbukia ataanguka mbali na kukuvuta kwa kishindo. Usikusanyike na mwenzako kupiga picha. Mkifika pa kupumzika, kila mmoja asimame pake mpaka mwongozaji aseme.

Kambi ya kwanza mara nyingi huwa kabla ya Trident, safu ya vilele yenye mapengo katikati. Kabla mtu yeyote hajafungua kamba, mwongozaji atachoma theluji kwa fito ndefu eneo lote la kambi kutafuta nyufa, na kuweka alama za mipaka. Usivuke alama hizo, hata kwenda haja usiku. Kisha mchimbe. Kata matofali ya theluji, jenga ukuta upande wa upepo, na usianze kupika kabla ukuta haujafika urefu wa hema. Hewa ikiwa shwari kazi hiyo itaonekana ya bure, lakini upepo wa South Georgia hautoi taarifa.

Trident ndiyo siku ngumu. Watatu wa 1916 walipanda pengo moja baada ya jingine wakikuta magenge upande wa pili. Kwenye la nne jua lilikuwa linazama, ukungu ukipanda nyuma yao, na kukaa juu kungewagandisha. Walikunja kamba kuwa vikalio, wakakaa mmoja nyuma ya mwenzake wakishikana, wakajiachia gizani. Walifika chini salama. Ni kitendo cha ujasiri uliotokana na kukosa njia nyingine. Mwongozaji wako atafanya kinyume: atachimba shimo kwenye theluji kukagua matabaka yake, atafunga nanga, yaani kitu kilichokazwa thelujini cha kushikilia kamba, na atawashusha mmoja mmoja kwa kamba, sleji zikishushwa peke yake. Kama matabaka yanaonyesha hatari ya maporomoko, mtarudi kambini na kungoja. Hapo ndipo siku za akiba mlizozilipia zinapofanya kazi.

Chini yake kuna Crean Glacier, pana na nyeupe, mwendo wa saa nyingi wa kuvuta sleji. Sina mengi ya kusema juu yake, ila mnywe maji kila saa na muangalie vidole vya wenzenu. Ulimi unapoanza kuwa mzito, mtu anapojikwaa mara kwa mara na kuacha kutetemeka ilhali amelowa, simamisheni msafara, pigeni hema na mumpashe joto papo hapo. Msingoje kambi.

Fortuna Glacier huhitaji heshima ya pekee. Tarehe 21 Aprili 1982, wakati wa vita vya Falkland, makomando wa Uingereza walishushwa hapo kwa helikopta. Usiku mmoja wa dhoruba uliwaelemea, na kesho yake helikopta mbili zilizokuja kuwachukua zilianguka kwenye weupe mtupu wa theluji iliyopeperuka. Helikopta ya tatu ikafanikiwa kuwaondoa wote hai. Hao walikuwa askari waliofunzwa. Weupe huo ukija nawe uko katikati ya nyufa, mbingu na ardhi zinakuwa kitu kimoja na hujui kama unapanda au unashuka. GPS itakuambia uliko, lakini haitakuonyesha ufa ulio mbele ya mguu wako. Simameni na mpige hema.

Kutoka barafuto hiyo mtavuka Breakwind Ridge ili kushukia Fortuna Bay. Eneo hili ndiko watatu hao, saa 1 asubuhi ya tarehe 20 Mei, waliposikia king'ora cha kuwaita wafanyakazi kazini kituo cha nyangumi. Ilikuwa sauti ya kwanza ya watu wengine kuisikia tangu Desemba 1914. Mteremko wa kushuka ni mkali, na wao walikata ngazi kwenye barafu kwa tezo. Ninyi mtavaa kramponi, na mwongozaji anaweza kuwafungia kamba sehemu ya juu. Uchovu wa siku tatu huwapata watu hapa, bahari ikiwa inaonekana, wakilegeza umakini. Nanga zikaguliwe mara mbili.

Hatua ya 9: Mtu akitumbukia ufani

Fanyeni zoezi hili pwani kabla hamjapanda, kila mmoja kwa zamu.

Mwenzenu akitoweka, jitupeni chini mara moja, mkandamize shoka na miguu kwenye theluji, na mkae hivyo. Msikimbilie ukingoni. Aliye mbali zaidi na ufa, wengine wakiwa wamebeba uzito, ndiye anayechimba mtaro wa kuzika shoka au skii kama nanga. Uzito uhamishiwe kwenye nanga polepole na nanga iangaliwe. Hapo tu ndipo mtu mmoja, akiwa amefungwa, anasogea ukingoni kwa kutambaa, anaongea na aliyeanguka, na kuweka begi au fito chini ya kamba isizame kwenye ukingo. Kisha mnavuta kwa mfumo wa kapi unaogawa uzito kwa tatu.

Aliye ndani naye ana kazi: kuvaa nguo ya joto, kuning'iniza begi chini yake, na kama hajaumia kuanza kupanda kwa kamba zake za prusik.

Hatua ya 10: Fortuna Bay hadi Stromness

Ufukweni kuna pengwini wafalme kwa maelfu, na mara nyingi chombo hukutana na kundi hapa kuchukua sleji na skii. Mzigo mwepesi utakusaidia kwa kilomita sita zilizobaki, ambazo ni za nyasi, changarawe na theluji yenye mabaka. Njiani kuna kiziwa kinachoitwa Crean Lake, ambako Tom Crean alizama hadi kiunoni alipokanyaga barafu nyembamba. Kizungukeni.

Ukifika juu ya pito utaiona Stromness chini. Watatu walifuata kijito hadi kikaishia kwenye maporomoko ya maji, wakajishusha kwa kamba ndani ya maji ya baridi. Njia ya leo hupita pembeni ya maporomoko hayo kwenye mteremko wa nyasi, na mnaweza kwenda kuyatazama kutoka chini.

Msikaribie majengo ya kituo. Yanaporomoka na yana asbesto, na sheria inakataza kuingia ndani ya meta 200. Msiokote msumari, mfupa wala jiwe. Kabla ya kupanda boti, sugueni buti na mzioshe kwa dawa kama mlivyofanya mwanzoni, kisha taka zote, pamoja na za kambini, zihesabiwe mbele ya mwongozaji, kwa kuwa anayeongoza hupeleka ripoti ya safari kwa serikali ya kisiwa.

Kutoka Stromness chombo huchukua muda mfupi hadi Grytviken, alikozikwa Shackleton baada ya kufariki huko tarehe 5 Januari 1922. Panga nusu siku ya kukaa hapo: kaburi, kanisa la Wanorwe na makumbusho viko karibu, na ofisi ya posta hupokea barua.